Fundi wa Magomeni aliyekataa kunishonea sare

Picha iliingia kwenye grupu la kamati saa nne usiku. Mwanamitindo mrefu, mwembamba kama mchaichai, kavaa kitenge cha kijani chenye maua makubwa mekundu. Blauzi imeshuka mpaka nyongani, na sketi ni ile ya samaki, imembana mpaka chini ya magoti halafu ikafunguka na kuburura sakafuni. Chini yake katibu kaandika: "Mshono ndio huu. Wote tushone huu huu, tusiaibishane." Tulikuwa wanawake 14 wa upande wa mama, kuanzia binti wa miaka 19 hadi mama mkubwa wa miaka 67 mwenye goti bovu, na wote tukajibu kwa dole gumba. Sendofu ya mtoto wa dada yangu, nani angejitia kimbelembele kukataa sare?

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, mwaka wa 17 huu. Miili nimeiona. Wangu naujua kama ninavyojua faili la mgonjwa: urefu futi tano na inchi mbili, mabega membamba, nyonga inchi 44, miguu ya kawaida tu. Hayo si malalamiko, ni vipimo. Nilichokuwa sikijui ni kwa nini nguo moja ya elfu kumi na tano nikiivaa naambiwa "leo umetoka", na nyingine ya elfu themanini naulizwa kama nina mimba. Na wanaoniuliza ni wakunga wenzangu.

Aliyekuja kunieleza ni fundi mmoja wa Magomeni, mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Tanga, aliyejifunza kushona kwa mjomba wake akiwa bado shuleni. Tangu Machi mpaka Agosti kanishonea na kunirekebishia nguo tano, kwa hiyo naona nina haki ya kusema mazuri yake na mabaya yake. Jina na namba siweki. Kaniomba mwenyewe. Anasema kazi anazo za kumtosha, na wateja wa kwenye simu wanamchosha kwa sababu wanakuja na picha badala ya kuja na mwili.

Fremu yake ni ndogo. Ukishuka mwendokasi kituo cha Mapipa unatembea kama dakika sita kuingia ndani, na ukianza kusikia harufu ya chipsi na ya pasi ya mkaa kwa pamoja ujue umefika. Ndani kuna cherehani ya miguu, cherehani ya umeme, overloki inayolia kama bajaji yenye mzigo, benchi la wateja, na feni moja inayomwelekea yeye. Vioo viko viwili. Kimoja kimeegemezwa ukutani kwa kulala kidogo, kingine kimepigiliwa wima kwenye mlango wa stoo. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye kile cha kulala, nikajiona nimerefuka.

"Toka hapo mwanangu," akasema. "Hicho kioo cha wanaokuja kulipa. Wanaokuja kupimwa wanasimama kwenye hiki."

Nikamsalimia upya, shikamoo, nikampa simu aone mshono. Akaiangalia picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akanirudishia.

"Huyu nani?"

"Mwanamitindo tu, mama. Wa mtandaoni."

"Basi akija nitamshonea. Wewe nikushonee nini?"

Hapo nusura niondoke. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, jua la Dar linachoma, na kitenge changu yadi sita kiko kwenye mfuko wa rambo. Ila sikuwa na nguvu ya kutafuta fundi mwingine, nikakaa. Ndiyo maana naandika haya leo.

Alichofanya kilichukua kama dakika kumi, na kwangu mimi ndicho kilichostahili pesa kuliko kushona kwenyewe. Alinipima kutoka begani mpaka kiunoni, inchi 16. Kutoka kiunoni mpaka kifundo cha mguu, inchi 33. Akachana utepe wa bitana nyeupe wenye urefu huo wote, inchi 49, akauning'iniza kwenye msumari. Kisha akapiga mstari wa chaki ya bluu kwenye inchi 24.

"Blauzi ya yule dada kwako inaishia hapa. Unaona nini?"

Niliona utepe uliokatwa katikati. Inchi 24 juu, inchi 25 chini. Vipande viwili vilivyolingana, vifupi vyote viwili. Akaufuta ule mstari kwa kiganja, akapiga mwingine kwenye inchi 16.

"Na sasa?"

Utepe ulikuwa ule ule, msumari ule ule, lakini naapa kile kipande cha chini kilirefuka. Kipande kidogo juu, kikubwa chini, kama moja kwa mbili, na jicho likawa linateremka lenyewe mpaka sakafuni bila kukwama. Akanieleza kwa lugha yake: vipande viwili vikilingana macho yanasimama kwenye mpaka, hayajui pa kwenda. "Na mpaka wako wewe ukiuweka inchi 24 umeuweka juu ya nyonga. Watu wote ukumbini watasimama hapo. Unataka wasimame hapo?"

Sikutaka.

Halafu akaniambia kitu nilichocheka mpaka mteja wa pembeni akageuka. Nilimwambia mimi nilidhani nina umbo namba nane, ndivyo mume wangu anavyosema. Akaweka futi mezani, akaniangalia vizuri. "Mumeo anakupenda. Nane ina duara mbili, mwanangu. Wewe una ya chini tu. Wewe ni sita." Akaichora kwa chaki juu ya meza, sita kubwa, akaiongezea duara la juu. "Mimi sikupunguzii nyonga, mimi si daktari. Nakuwekea duara la juu."

Duara lenyewe lilikuwa ni mikono. Akaniwekea mikono iliyojaa begani, ya kufikia kwenye kiwiko, yenye inchi moja na nusu ya ziada kila upande pale inapoungana na bega, na ndani akatia kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi ili isilale. Shingo akaikata kwa ncha, ishuke chini kidogo, isiwe duara, kwa sababu shingo yangu ni fupi. Blauzi akaimalizia kiunoni na marinda mafupi ya inchi tatu, yaishie kabla nyonga hazijaanza kutoka. Sketi akaibakiza ya samaki, maana kamati nayo ina haki zake, ila mkia akaupandisha. Kwenye picha ulifunguka chini ya magoti. Kwangu akaufungua inchi tatu juu ya goti. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ukimbana mtu mfupi mpaka chini ya goti halafu ukamwaga kitambaa, umemchimbia nusu mguu ardhini.

Kuna jambo la kushika hapa kwa wanaosoma wakiwa na fundi wao. Hakuniuliza nina uzito gani. Hakutaja kunenepa wala kupungua. Alichoshughulika nacho ni mistari tu: nguo inaanzia wapi, inakatika wapi, inaishia wapi. Nguo inayoishia pale mwili unapopanuka inaongeza upana, inayoishia pale unapokuwa mwembamba inapunguza. Kwa sketi za kawaida anasema chini ya goti kidogo au juu ya kifundo, ila isiwe katikati ya shavu la mguu, pale nyama ilipojaa, labda uwe na miguu kama ya korongo.

Maua ya kitenge nayo yalimchukua muda. Kila ua lilikuwa na kama inchi tisa kwa upana, na kitenge upana wake ni inchi 46 hivi, kwa hiyo hesabu haina ujanja mwingi. Alikitandaza mezani akakizungusha mara tatu kabla ya kushika mkasi. Mafundi wengi wanakata kitenge kama mkate, popote kisu kilipoangukia. Ndiyo unakuta dada wa watu ana maua mawili yamemkaa kifuani kama taa za lori, au ua moja zima limemkalia nyuma. Yeye akapanga ua moja juu karibu na mfupa wa bega la kushoto, eneo la nyonga likabaki na majani ya kijani matupu, na maua mengine yakaanzia mapajani kushuka. Kwa mtu mdogo, akasema, ua kubwa ni mgeni wa heshima. Mkaribishe mmoja, umkalishe pazuri.

Sasa gharama ya uungwana huo: kitenge kiliisha. Yadi sita zote, na vipande vilivyobaki havikutosha hata kilemba. Nilimlalamikia. Akanituma nikanunue kitambaa chekundu kitupu, rangi ya yale maua, yadi mbili, akaniambia nisikifunge mnara. "Kichwa kikizidi mabega unakuwa uyoga."

Kushona sare alinitoza elfu 55, bila kitenge. Mtaani kwangu ningeshona kwa elfu 30. Na alinizungusha. Siku ya kujaribu nilienda na kandambili, akakataa katakata kupima pindo la chini. "Viatu viko wapi?" Viko nyumbani. "Basi na wewe rudi nyumbani." Nikarudi siku ya pili na viatu vyangu vya kisigino cha inchi mbili na nusu, jasho linanitoka, nimekasirika, na ni kweli pindo lilipanda na kushuka tofauti kabisa na nilivyodhani. Pia aligundua bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto. Miaka 17 ya mkoba bega moja. Akaongeza kipande kidogo ndani ya bega la kulia, kisichozidi unene wa kidole, na shingo ya blauzi ikakaa katikati. Hilo hakuna fundi aliyewahi kuliona, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona.

Aliniahidi Ijumaa. Nilipata Jumatatu. Sendofu ilikuwa Jumamosi iliyofuata, kwa hiyo sikufa, ila presha ilipanda.

Siku yenyewe ukumbini tukapangwa wanawake 14 wa kitenge kimoja, na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu mshono mmoja ulivyotua kwenye miili 14. Nisiwe mchoyo: yule binti wa miaka 19, mrefu kama mnazi, ule mshono wa picha ulimkaa kuliko hata mwanamitindo mwenyewe. Blauzi ndefu ilimfaa kwa sababu ana miguu ya kugawa. Wengine tuliteseka. Shemeji yangu mmoja, mnene wa juu na miguu myembamba, alikuwa amefunikwa na blauzi mpaka sehemu yake nzuri yote ikapotea. Mama mkubwa alishindwa kupanda ngazi za jukwaani. Ile sketi ilimfunga magoti, ikabidi vijana wawili wamshike na yeye akapandisha mkia wa samaki mkononi akisema kwa sauti kwamba yeye hakuzaliwa baharini.

Mimi katibu aliniangalia kuanzia kilemba chekundu mpaka chini. "Mbona wako tofauti?" Nikasema fundi kakosea. Mungu anisamehe. Alininunia mpaka keki ilipokatwa. Picha zilipotoka Jumatano alinitumia ujumbe wa faragha, hana hata salamu: "Fundi wako anakaa wapi?"

Nguo ya pili ndiyo iliyonifanya nirudi kwa imani, na ilikuwa ya khanga.

Hapa lazima nieleze kidonda cha zamani. Miaka mitatu nyuma nilimpa fundi mmoja, simtaji na wala hayupo Magomeni, doti yangu nzuri iliyoandikwa "Wema hauozi". Alinishonea gauni. Akakata bila kuangalia, "Wema" likaingia kwenye mshono wa ubavuni likapotea, na kilichobaki, kwa herufi kubwa nyeusi, kikakaa sawasawa juu ya makalio: HAUOZI. Nililivaa mara moja, kwenda sokoni. Muuza samaki alilisoma kwa sauti. Gauni hilo sasa ni tambara la kudekia.

Kwa hiyo nilipomletea mama huyu doti ya marehemu mama yangu, khanga ya Urafiki, kiwanda kile cha Ubungo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, mkono ulikuwa unanitetemeka. Khanga za siku hizi ukizifua mara mbili zinakuwa wavu. Hiyo ya mama ilikuwa bado nzito, pindo la rangi ya kahawia, mji wa machungwa wenye korosho, jina "Nani kama mama". Fundi akaisoma, akanyamaza, akaniuliza kama nina uhakika nataka ikatwe. Nikasema nataka nivae, si nitunze.

Khanga ni kitambaa kigumu kupanga kwa sababu kina kila kitu tayari: pindo pande zote nne, mji katikati, jina mahali pake. Ni kama picha yenye fremu. Ukikata ovyo umepasua picha. Na pindo ni mstari mnene wenye rangi. Ukiulaza juu ya nyonga unachora mkanda mahali usipoutaka. Ukiusimamisha unachora njia. Khanga ya mbele akaisimamisha, akaipasua katikati kwa urefu, akabadilisha vipande: cha kulia kikaenda kushoto na cha kushoto kulia, ili yale mapindo mawili ya pembeni yakutane katikati. Yakateremka pamoja kutoka kifuani mpaka chini, kama mlango wa Zanzibar uliofungwa. Pembeni ikabaki korosho tupu. Ukinitazama kwa mbele macho yanashika ule mlango, yanapanda na kushuka, na pembeni hayafiki.

Khanga ya nyuma akailaza kama ilivyochapwa, ili pindo liwe chini na jina libaki linasomeka, lote, juu kidogo ya pindo, nyuma ya miguu. Nikamwambia huko chini nani atasoma. "Anayetaka kusoma ainame," akasema. "Mama yako si tangazo." Kwa gauni hilo alinitoza elfu 40. Angeniambia laki ningetafuta.

La tatu ni dogo. Koti la mtumba nililolipata Karume kwa elfu 12, la kiume kidogo, la kijivu. Alinivalisha, akalishika mabega, akasema afadhali, mabega yamekaa, maana koti likikosea mabega hakuna fundi wa kulifufua bila kulivunja lote. Akatoa inchi tatu chini na akapandisha kifungo inchi mbili. Ni hayo tu. Kifungo kilipokuwa chini koti lilifungukia tumboni. Kilipopanda kikakaa kwenye kiuno, na ghafla nina kiuno. Elfu nane. Kwa hiyo kama una koti kabatini linalokutia uzee, kabla ya kulitoa sadaka angalia kwanza kifungo kiko wapi.

Mume wangu naye akataka lake, suti ya Kaunda. Zambia ilishapata marais wengine kadhaa baada ya Kenneth Kaunda kuondoka 1991 lakini huku kwetu wanaume wa umri fulani bado wanamvaa. Mume wangu ana kitambi cha heshima na tabia ya kufungia suruali chini yake. Fundi akamwambia, kwa adabu ya mtu anayeongea na shemeji, kwamba suruali ikianzia chini ya kitambi miguu inaliwa. Akaipandisha mpaka karibu na kitovu. Ile mifuko miwili mikubwa ya chini akaipunguza, kwa sababu mifuko mipana ikikaa ubavuni kwa mtu wa tumbo ni kama kumwongezea masanduku. Koti akaliishiza pale kifundo cha dole gumba kinapofika mikono ikiwa imeshuka. Mume alinung'unika wiki nzima kwamba suruali inamfika kooni. Ijumaa akaivaa msikitini, akarudi kimya, na tangu hapo haivui.

Sasa mabaya, maana sijalipwa kuandika haya.

Suruali ya kike hawezi. Nilimpa kitambaa cha buluu iliyoiva anishonee suruali pana ya kuvaa siku za mikutano. Kwa kusimama, uwiano wake ulikuwa mzuri ajabu: imeanzia kiunoni, imeshuka wima kutoka nyongani, inafunika kisigino. Nilipokaa, mapajani ikavuta na nyuma ikashuka. Akaifumua mara mbili, mara ya pili akaniambia nisikae sana. Mimi ni muuguzi, kukaa kwenyewe kwa nadra, hata hicho kidogo ninyimwe? Elfu 30 imelala kabatini. Kwa gauni, sketi, blauzi na khanga nendeni. Kwa suruali mtafuteni mwingine.

Mdomo wake pia si wa kila mtu. Anapima mbele ya benchi zima na anataja vipimo kwa sauti ili mwanafunzi wake aandike. Nilimwona msichana mmoja akikaribia kulia aliposomewa kiuno chake kama bei ya nyanya. Kazini kwetu tunavuta pazia. Nilimwambia hivyo, akanishangaa, lakini safari yangu iliyofuata nilikuta khanga imetundikwa pembeni ya kioo cha wima. Sidai kwamba ni kwa sababu yangu.

Kuna na hili ambalo tulibishana na bado hatujapatana. Kwake kila mwanamke lazima aonekane mrefu zaidi na nyonga zisionekane kwanza. Mimi si kila siku nataka hivyo. Nilimpelekea dera, nikitaka alipunguze ubavuni, akalikunja akanirudishia: "Dera ni la kupumzisha mwili, halina mstari, usilidhulumu." Sawa, hapo alinielewa. Lakini kwenye shughuli za kwetu, ngoma ikikolea na mtu amejifunga khanga kiunoni, pindo limelala palepale kwenye nyonga ambapo yeye angelikataza, ndipo mwanamke anapoonekana. Mama yangu alikuwa mfupi na mpana, na akijifunga hivyo watu walimpisha. Nilipomwambia fundi alitikisa kichwa akiendelea kutia uzi kwenye sindano. "Hiyo ni kutaka macho yasimame hapo," akasema. "Ukitaka yasimame, niambie mapema, nitayasimamisha."

Kwa anayetaka kumtafuta mtu wa namna yake alipo: nenda na viatu, nenda na nguo ya ndani utakayovaa siku hiyo, acha simu mkobani mpaka uulizwe. Kitenge chenye ua kubwa ongeza yadi mbili. Ulizia bei kabla, kwa sababu yake haishushiki.

Wiki hii nimempelekea kitambaa cha gauni la sikukuu la binti yangu, ambaye karithi mabega yangu na miguu ya baba yake, kwa hiyo ana hesabu yake tofauti kabisa na yangu. Kapimwa nyuma ya khanga. Fundi kasema tuje Ijumaa. Tutakwenda Jumatatu.